Vidole vyangu vinakumbuka, miguu inasahau: niuze gari la marehemu?

BARUA

Mpendwa mshauri,

Nina miaka 66, mjane, naishi Morogoro. Nilikuwa katibu muhtasi serikalini mpaka nilipostaafu. Nilisomea Chuo cha Uhazili Tabora, enzi za taipureta na hatimkato, tukifunikwa mikono ili tusichungulie herufi. Hadi leo ukiniwekea kompyuta nitakuchapia barua huku tunaongea, na makosa utayatafuta kwa tochi. Nakueleza haya ili uone kinachonichanganya.

Mume wangu alifariki mwaka juzi akaniachia gari, la zamani kidogo, la gia za mkono. Maisha yetu yote yeye aliendesha, mimi nilikaa kiti cha abiria na kushika mfuko wa nyanya. Baada ya arobaini watoto wakasema liuzwe. Nikakataa. Nikaenda shule ya udereva kujiandikisha, na yule binti wa mapokezi akaniuliza, "Mama, unamwandikisha nani?"

Najifunza Jumamosi tu, masaa mawili mfululizo, kwa pikapu ya shule. Kila Jumamosi natoka pale nimeelewa: klachi chini, gia ya kwanza, achia taratibu, ongeza mafuta kidogo. Jumamosi inayofuata nikikaa kwenye usukani, ni kama sijawahi kuona klachi. Gari linaruka kama chura na kuzima. Kwenye kilima ndiyo usiseme. Juzi lilinizimikia katikati ya kipilefti cha Msamvu, daladala nyuma zinapiga honi, bodaboda zinapita kulia na kushoto, na kondakta mmoja akatoa kichwa dirishani: "Bibi, rudi ukalee wajukuu!" Mwalimu wangu ni kijana mpole, lakini hata yeye alisema, "Bi mkubwa, kichwa kinaelewa, tatizo miguu haikumbuki."

Sasa kuna suala la mazoezi. Nipo kwenye kikundi cha wanawake wa mtaani kwetu. Tunakutana saa kumi na moja alfajiri, karibu kila siku. Tunatembea haraka, tunapiga mchakamchaka kidogo, tunanyoosha viungo, na wenye magoti mazima wanaruka kamba. Mimi kimenisaidia sana, ngazi za kanisani siku hizi napanda bila kushika ukuta. Mwenzangu mmoja pale aliona video kwenye simu kwamba ukifanya mazoezi makali mara tu baada ya kujifunza kitu cha mikono au miguu, ubongo unakigandisha. Akanishauri nitoke kwenye gari nikimbie. Mwalimu naye anasema nafika kwake nimechoka, niache mazoezi mpaka nipate leseni. Mwanangu wa kwanza, yuko Dar, anasema niache vyote viwili. Ameshapata mnunuzi wa gari na anataka jibu mwisho wa mwezi. Mdogo wake aliyeko Mwanza anasema, "Mama, endelea, usimsikilize." Nao wawili sasa hivi hawaongei vizuri kwa ajili yangu.

Kuna jambo sijamwambia yeyote kati yao. Dada yangu, ana miaka 72, ana ugonjwa wa kusahau. Wakati mwingine ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Lakini ukimpa ukili anasuka bila kutazama, kama zamani. Mimi ninapokaa kwenye gari na mguu ukagoma, kitu cha kwanza kinachonijia ni yeye. Nalala vibaya nikifikiria hilo. Natumia dawa ya presha, na tangu msiba, usiku huwa nameza kidonge cha usingizi alichonipa jirani, la sivyo naiona saa nane, saa tisa.

Naomba unisaidie. Ni kweli mazoezi yanaifanya miguu ikumbuke? Niyaache, au niyaongeze? Na gari niuze? Au huu ndio mwanzo wa ugonjwa wa dada yangu na mimi najidanganya?

Mama wa Kiti cha Abiria, Morogoro


JIBU

Shikamoo mama yangu,

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, unisahihishe nikipotoka. Una gari lenye mnunuzi anayesubiri. Una mwalimu na rafiki, mmoja anataka uache mazoezi na mwingine anataka uyaongeze. Na chini ya hayo yote una hofu ambayo hujaitoa mdomoni mbele ya watoto wako. Kwa kusoma tu nimeona umeyafunga yote furushi moja, kiasi kwamba gari likizima Msamvu wewe unasikia ubongo ndio umezima. Niruhusu nilifungue furushi hilo, na nianze na hofu, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Dada yako anakusahau wewe lakini hausahau ukili. Hilo lina maelezo, na yalianza kueleweka kupitia mtu mmoja. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kupunguza kifafa kilichomtesa. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Ukitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, anakusalimu upya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kufuatisha mistari, huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ya kuudhi, mkono unakwenda kinyume na unavyotaka. Siku ya kwanza Henry aliboronga. Siku ya pili makosa yakapungua. Siku ya tatu alichora vizuri, na hakukumbuka kabisa kwamba aliwahi kuiona kazi hiyo.

Tangu hapo wataalamu wanajua kwamba kukumbuka matukio na kukumbuka miendo ya mwili havitegemei sehemu zilezile za ubongo. Matukio yanategemea sana sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo Henry alikatwa, na ambayo ugonjwa wa kusahau ulio wa kawaida zaidi huigusa mapema. Ukili, taipu na klachi vinategemea zaidi serebelamu, ile sehemu ya nyuma chini ya kichwa, pamoja na viini vya ndani na eneo la juu linaloamuru misuli. Ndiyo maana mikono ya dada yako bado inajua njia.

Sasa jiangalie wewe. Umenisimulia Msamvu mpaka maneno ya kondakta. Unakumbuka nani kasema nini, mnunuzi anataka jibu lini, na yule binti wa mapokezi alikuuliza nini. Kinachosumbua ni mwendo mpya wa miguu. Hivyo sivyo ugonjwa wa dada yako unavyoanza kwa walio wengi. Sikupi cheti kwa maneno haya, mimi si daktari na sijakuona. Lakini naomba uache kuhesabu kila kuzima kwa gari kama ushahidi dhidi yako.

Ushahidi wa kuangalia ni mwingine: kupotea njia uliyoizoea, kurudia swali lilelile ndani ya saa moja, kushindwa kurudisha chenji, kusahau sufuria motoni mara kwa mara, au watu wanaoishi nawe kusema kwamba umebadilika. Upande wa mwili kuna mkono unaotetemeka umekaa, hatua zinazofupika, mwandiko unaozidi kuwa mdogo. Ukiona hata moja, nenda hospitali mapema. Hata usipoona, nadhani kwenda kupima kungekufaa, kwa sababu kuna mambo yanayotibika ambayo hujifanya ugonjwa wa kusahau: sukari, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, macho, masikio, msongo wa msiba. Na dawa. Hapo kwenye dawa nitarudi.

Kuna dhana moja nataka kuigusa, usinikasirikie. Unalinganisha vidole na miguu, halafu unaiona miguu imepungukiwa. Lakini vidole vyako vilisoma Tabora kila siku, darasani na jioni, kisha vikafanya kazi ofisini miongo kadhaa. Miguu yako umeipa Jumamosi. Ingekuwa uhazili ulifundishwa Jumamosi tu, nani angemaliza chuo?

Tena ufundi wako wa zamani unasema jambo kuhusu umri. Mwaka 1984 mtafiti Timothy Salthouse alichapisha utafiti aliowafanyia wapiga taipu wa Marekani wenye umri kuanzia miaka 19 hadi 72. Wazee walikuwa wazito kwenye kubonyeza kitufe wanapoona alama, kama inavyotarajiwa. Ila kwenye kutaipu kwenyewe hawakuwa nyuma. Siri ilikuwa kwamba wazee walisoma mbele zaidi kwenye karatasi, macho yakiwa herufi kadhaa mbele ya vidole, hivyo vidole vilipata muda wa kujiandaa. Uzoefu uliziba pengo la kasi. Kwenye gari bado huna uzoefu huo wa kuona mbele, ndiyo maana kila kitu kinakufikia ghafla: honi, bodaboda, kilima. Unaweza kuupata. Unachelewa tu kuliko kijana wa miaka 20, na hilo la kuchelewa ni kweli, sitakuficha.

Utafiti mwingine wa taipu ndio ningependa umwonyeshe mwalimu wako. Posta ya Uingereza ilikuwa inafundisha wafanyakazi wake kutumia kibodi, na Alan Baddeley na D. J. A. Longman wakachapisha matokeo mwaka 1978. Kundi moja lilifundishwa saa moja kwa siku, jingine hadi saa nne kwa siku. Waliopewa saa moja walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango kilekile. Jambo la kuchekesha ni kwamba hao ndio hawakuipenda ratiba yao, kwa sababu siku zilikuwa nyingi na walijiona wanachelewa! Wewe unapigwa masaa mawili kwa mkupuo, nusu yake ukiwa umeshachoka, halafu siku sita hakuna kitu. Mtu wa umri wowote angesahau. Omba masaa hayohayo yakatwe: nusu saa Jumanne, nusu saa Alhamisi, saa moja Jumamosi. Huenda mwalimu akataka nyongeza ya mafuta, na hapo itabidi muelewane bei.

Katikati ya siku hizo unaweza kukaa kwenye gari la marehemu hapohapo uani, injini imezimwa, breki ya mkono juu, ukazoeza miguu mpangilio: klachi, gia, achia, mafuta. Tahadhari yangu hapo ni kwamba klachi ya pikapu na klachi ya gari lako huenda hazishiki mahali pamoja, na mwili unaofundishwa miendo miwili inayofanana kwa wakati mmoja huichanganya. Kwa hiyo uani zoeza mpangilio tu. Hisia ya mahali klachi inaposhika iachie gari la shule, au muulize mwalimu kama anaweza kukufundishia kwenye lako.

Sasa mazoezi. Rafiki yako hakutunga. Mwaka 2012 watafiti wa Copenhagen, wakiongozwa na Marc Roig, waliwafundisha vijana wa kiume kazi ya kufuatisha mstari kwenye kompyuta kwa mkono. Wengine walipiga baiskeli kwa nguvu muda mfupi kabla ya kujifunza, wengine mara tu baada ya kujifunza, wengine walipumzika. Siku hiyohiyo hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini siku iliyofuata, na baada ya wiki, waliofanya mazoezi walikuwa wamehifadhi zaidi, na baada ya wiki waliopiga baiskeli baada ya somo ndio walioongoza. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwendo uliojifunza haukai mara moja. Ubongo unaendelea kuufanyia kazi kwa masaa kadhaa, na mazoezi huamsha kemikali zinazosaidia kazi hiyo, ikiwamo protini inayolisha chembe za neva.

Ila angalia walikuwa nani: vijana, wanaume, wazima, kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Kwa watu wa umri wako majaribio ya namna hiyo hayajatoa jibu moja. Mengine yameonyesha faida, mengine hayakuona kitu. Na kukimbia kwa nguvu ukitoka kwenye gari, na presha yako, ni jambo la kumuuliza daktari kwanza, video haiwezi kukupima. Ukitaka kuchukua kilicho na akili katika ushauri wa rafiki yako, shuka mbali kidogo na nyumbani urudi kwa miguu, mwendo wa haraka, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Likileta faida, vizuri, lisipoleta, umetembea.

Faida ya mazoezi ya kila wiki, ya miezi na miaka, ina ushahidi mpana zaidi kuliko hiyo ya mbio za baada ya somo. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya watu 120 wa miaka 55 hadi 80. Nusu yao walitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Hipokampasi za watembeaji ziliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2, za wengine zikapungua kwa takriban asilimia 1.4. Nakumbusha, hiyo ni sehemu ya matukio na mahali, ile inayokutia hofu ukimwangalia dada yako. Klachi haikai hapo. Na kukua kwa asilimia 2 si ahadi kwamba hutaugua. Hakuna mtu mkweli anayeweza kukupa ahadi hiyo.

Kuhusu miguu, mazoezi husaidia kwa njia ambazo hazisikiki kama miujiza. Mguu wenye nguvu unaweza kuachia klachi polepole bila kutetemeka. Mtu mwenye mizani nzuri ya mwili anajua nyayo zake ziko wapi bila kutazama chini. Moyo unaosukuma damu vizuri unaupa ubongo hewa na sukari unayohitaji kujifunza. Nikuombe ufikirie zege: likishamwagwa, fundi hulinyeshea maji siku kadhaa ili likomae. Maji hayajengi nguzo, ila nguzo isiyonyeshewa hupasuka. Masomo yako ya udereva ndiyo zege, mchakamchaka ndiyo maji. Ukiongeza maji bila kumwaga zege, utapata tope.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na ya mizani siku tatu au zaidi. Kwa jinsi ulivyoeleza, kikundi chenu kinafika hapo au kinakaribia sana. Kwa hiyo mwalimu anapokwambia uache, naelewa anachokiona, anaona mtu aliyechoka akikanyaga breki badala ya klachi. Uchovu ni kweli na ni hatari barabarani. Lakini kabla ya kukata mazoezi, tuulize uchovu unatoka wapi. Mtu anayeiona saa nane na saa tisa ya usiku, akameza kidonge, kisha akawa barabarani saa kumi na moja alfajiri, analala saa ngapi? Siku za somo ungeweza kulala zaidi na kutembea kidogo tu, ukaacha mchakamchaka kwa siku nyingine. Utakosa kelele na vicheko vya wenzako siku hizo, na najua hivyo navyo ni dawa tangu ulipobaki peke yako.

Ukilala vizuri ndipo somo la mchana linapopata nafasi ya kukaa. Kwa wazee kazi hiyo ya ubongo ya usiku imepungua nguvu ukilinganisha na vijana, ndiyo sababu mojawapo usingizi wenu si wa kupotezwa. Na hapa ndipo nina wasiwasi kuliko klachi. Hicho kidonge cha jirani sikijui, na pengine naye hakijui vizuri. Dawa nyingi za usingizi, na hata zile za mzio ambazo watu hutumia ili walale, hukaa mwilini mwa mtu mzima kwa muda mrefu zaidi kuliko kwa kijana. Unaamka, unatembea, unaongea, lakini mguu unachelewa na kichwa kina ukungu mpaka mchana. Zinaongeza kuanguka, na zinaharibu uendeshaji. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya kile unachokiogopa kama ugonjwa wa dada yako imo kwenye kidonge hicho. Usikiache ghafla usiku wa leo, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zikikatwa ghafla huleta shida. Ongea na daktari wiki hii. Na mpaka hapo, nakusihi, usikae kwenye usukani asubuhi inayofuata usiku wa kidonge.

Tumefika kwa mwanao na gari.

Sidhani kama mwanao anakudharau. Amezika baba, ana mama mkubwa asiyemtambua mtu, na anasikia mama yake amezimikiwa na gari kati ya daladala. Anaogopa, na kwake hofu imechukua sura ya mnunuzi. Mdogo wake naye anakupenda kwa kukuambia endelea, ingawa yeye yuko Mwanza na hayuko kwenye kiti cha pembeni. Na kuna watu wengine ambao hawapo kwenye barua yako: yule mtoto atakayevuka barabara, yule bodaboda asiyewasha indiketa. Uamuzi wako unawahusu pia, na najua hilo umelifikiria, maana mtu asiyejali hasumbuki usiku.

Ningependa ujiulize unatafuta nini kwenye gari hili. Kama unatafuta kufika sokoni, kanisani na kliniki bila kumwomba mtu, njia zipo zaidi ya moja. Unaweza kuendelea kwa ratiba mpya kwa miezi michache, kisha ukaomba mwalimu mwingine, asiyekujua, akupime na akwambie ukweli. Unaweza kuuza hili ukatafuta dogo lisilo na klachi, maana mengi yanayoingia kutoka Japani ni ya aina hiyo. Miguu itabaki na kazi ndogo, ingawa kukosea kati ya breki na mafuta kunatokea zaidi kwa madereva wazee, na kwenye gari lisilo na klachi kosa hilo halizimi gari, linalirusha. Unaweza kubaki na gari akaendesha kijana unayemwamini kwa siku unazomhitaji, ambayo ni gharama. Au unaweza kuliuza ukawa na bajaji wako wa kudumu, na fedha ikabaki benki.

Lakini kama unachotafuta ni kuwa karibu na mzee wako, kukaa pale alipokaa na kushika alipopashika, basi kuna uwezekano hata ukipata leseni hutatosheka, na hata ukishindwa hujashindwa kitu hicho. Nawaza hivyo kwa sababu ulisema "nikakataa" bila kutoa sababu, na kila kitu kingine kwenye barua yako umekitolea sababu. Huenda nimesoma vibaya.

Tarehe ya mnunuzi si lazima iwe tarehe yako. Wanunuzi wa magari ya zamani wapo mwezi huu na mwezi ujao, ila ni kweli pia kwamba gari linalokaa uani linashuka bei. Unaweza kumwambia mwanao maneno haya, au yako yaliyo bora: "Mwanangu, naomba nipime afya kwanza, nilale vizuri, nijifunze kwa mpangilio mwingine, kisha wewe mwenyewe uje ukae kiti cha pembeni nikuendeshe. Baada ya hapo tutaongea juu ya kuuza." Anaweza kukataa. Anaweza pia kuja, akakaa pembeni, akaona uendeshaji wako haujafika, na wewe ukauona pia. Uwe tayari kwa hilo.

Na ile hofu ya dada yako, waambie watoto, wote wawili siku moja, kwa simu moja ikiwezekana. Sasa hivi wanagombana juu ya gari kwa sababu ndilo jambo pekee uliloliweka mezani. Siku ya kwenda kliniki mmoja wao akusindikize, na daktari mwombe akupime kumbukumbu, macho na sukari. Beba vidonge vyote unavyotumia kwenye mfuko mmoja, na hicho cha jirani usikiache nyumbani, hata kama hakina boksi wala jina.

Wako,
Mshauri